Mdogo wangu anasikia sauti, na wenzake wanamwambia uyoga utamponya

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kwa sababu nyumbani kila mtu ana jibu lake na mimi nimebaki katikati. Ni dada mkubwa katika familia ya watoto wanne, tunaishi Tabata na mama. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20, yuko mwaka wa pili chuoni. Alianza kuvuta bangi akiwa kidato cha tatu. Tulijua, tukasema ni ujana, utapita. Tangu aingie chuo amehamia kwenye skanka, anasema bangi ya kawaida haimpandi tena.

Miezi miwili iliyopita alikwenda ufukweni Kigamboni na wenzake. Mmoja wao alikuja na biskuti za bangi. Alikula moja, akakaa karibu saa nzima hakuona kitu, akaongeza mbili. Usiku walimleta na bajaji, moyo unamwenda mbio, anatetemeka, anasema anakufa, amemng'ang'ania mama asiondoke. Tulimpa maziwa, tukakesha naye. Kesho yake alilala kutwa. Tukamshukuru Mungu, tukadhani yameisha.

Wiki mbili baadaye akaanza kusema jirani yetu anamrekodi. Akipanda daladala anashuka njiani, anadai konda anamsema yeye. Dirisha la chumba chake ameliziba kwa maboksi. Usiku namsikia anaongea, nikiingia namkuta peke yake, simu imezimwa. Nilimuuliza, akaniambia kuna mtu anamwita jina na kumcheka. Anavuta kila usiku, anasema bila hivyo halali kabisa.

Mama anaamini ni majini, ameshamwita shehe kuja kumsomea. Baba, anayefanya kazi Mbeya, anasema tukienda hospitali wataita polisi. Na sasa wenzake wamemwambia kuna uyoga na vijikaratasi vya LSD kutoka nje vinavyosafisha ubongo, kwamba hata wanasayansi wa Ulaya na Marekani wanatibia sonona. Amenionyesha video. Kuna mmoja ameahidi kumletea mwisho wa mwezi na yeye anasubiri kwa hamu.

Jambo moja zaidi, ambalo kwetu halisemwi. Mjomba wetu, kaka yake mama, alianza kusikia sauti akiwa na miaka 22. Amewahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, zaidi ya mara moja. Leo ni fundi seremala, ana familia, na anakunywa dawa zake kila siku.

Shangazi, bangi inaharibu nini hasa? Huo uyoga ni dawa kweli? Na mimi nianzie wapi?

Dada mkubwa, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Mdogo wako apelekwe hospitali wiki hii. Msisubiri mwisho wa mwezi, msisubiri baba arudi, msisubiri muhula uishe. Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi za magonjwa ya akili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na barua yako nimeisoma nikiwa na hofu, kwa sababu umeandika mambo mawili tofauti ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni usiku ule wa biskuti. Ile ilikuwa ni bangi imezidi mwilini. Mtu akivuta, kemikali ya bangi iitwayo THC hupita kwenye mapafu na kufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache, hivyo akiona imemtosha anaweza kuacha. Akila, lazima ipite tumboni na kwenye ini kwanza. Ini huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu, inayopenya kirahisi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua kuanzia nusu saa hadi saa mbili, na ikishafika hukaa kwa saa nyingi. Kwa hiyo kijana aliyekula biskuti moja, akaona kimya, akaongeza mbili, anapokelewa na zote tatu kwa pamoja. Na hakuna anayejua kila biskuti imewekwa kiasi gani. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, macho mekundu, kutetemeka na kuamini kwamba unakufa, yote hayo ni ya siku hiyo, na huisha dawa inapopungua mwilini. Maziwa hayaiondoi, lakini kukaa naye mlifanya vizuri. Kwa siku nyingine, kama mtu ana maumivu ya kifua, amezimia au hajitambui, apelekwe hospitali usiku huohuo.

La pili ni haya yaliyokuja wiki mbili baadaye, na haya siyo biskuti tena. Biskuti ilishaisha mwilini. Mtu anayesikia sauti wakati hajalewa, anayeamini jirani anamrekodi na konda anamsema, anayeziba dirisha, huyo ubongo wake umeanza kuumwa. Huenda ni bangi peke yake ndiyo imeufikisha hapo, huenda ni ugonjwa uliokuwa njiani na bangi ikauharakisha. Mimi siwezi kukuambia ni lipi kwa kusoma barua, na hata daktari atahitaji kumfuatilia kwa muda. Lakini kote kuwili tiba inaanzia mlango mmoja.

Sasa umeuliza bangi inafanya nini. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu utakapoongea na mdogo wako atakuwa amesoma kuliko unavyodhani, na ukimwambia jambo la uongo hata moja hatakusikiliza tena.

Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Israel, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, waliitenga THC na kuonyesha umbile lake. Swali lililobaki likawa kwa nini ubongo wa binadamu uitikie kemikali ya mmea. Jibu lilikamilika mwaka 1992, ilipogunduliwa kwamba ubongo wenyewe hutengeneza kemikali yake inayofanana kazi na THC, ikaitwa anandamidi. Seli za neva huzungumza kwa kurushiana kemikali, na anandamidi kazi yake ni kama ya trafiki wa makutano: anainua mkono upande mmoja, kwa muda mfupi, ili mwingine upite. THC inakamata vipokezi vilevile, yaani sehemu za seli zinazoipokea anandamidi, lakini inainua mkono pande zote na haushushi upesi.

Vipokezi hivyo viko vingi katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ndiyo maana mvutaji anaanza sentensi na kusahau alichokuwa anasema. Viko katika sehemu inayoratibu mwendo wa mwili, ndiyo maana dereva au bodaboda aliyevuta ni hatari barabarani hata akijiona yuko sawa. Viko katika sehemu zinazoshughulika na hofu, na katika zile zinazoamua kipi kina maana na kipi hakina. Hapo ndipo pa kumwangalia mdogo wako. Konda anapiga kelele zake za kila siku, ubongo wenye afya unaziacha zipite. Ubongo uliovurugika unazipa maana, unaona zinamhusu yeye.

Penye ukweli na tuuseme. Vipokezi hivi ni vichache katika shina la ubongo linaloendesha upumuaji, kwa hiyo bangi haisimamishi pumzi kama heroini inavyofanya. Na wengi wanaovuta bangi hawapati ugonjwa wa akili. Mdogo wako akikuambia hayo mkubalie. Kisha mwambie na haya.

Nchini Sweden walifuatilia vijana wapatao 45,000 walioitwa jeshini, wakawaangalia kwa miaka 15. Matokeo yalitoka mwaka 1987: waliokuwa wameshavuta bangi zaidi ya mara 50 kufikia umri wa miaka 18 walipatikana na skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, mara 6 zaidi ya wasiovuta. Mwaka 2019 ukatoka utafiti mwingine, wa miji ya Ulaya na Brazil, na huo ukaangalia nguvu ya bangi yenyewe. Waliokuwa wanavuta kila siku bangi kali, ile yenye THC ya asilimia 10 kwenda juu, uwezekano wao wa kuwa na ugonjwa wa kutenganishwa na uhalisia ulikuwa karibu mara 5 ya wasiovuta kabisa. Wataalamu bado wanajadiliana ni kiasi gani cha hatari hiyo ni bangi na kiasi gani ni urithi wa damu, lakini hakuna anayebishana tena kwamba umri mdogo, bangi kali, kuvuta kila siku na ugonjwa wa akili katika ukoo ni mambo yasiyotakiwa kukutana kwa mtu mmoja. Kwa mdogo wako yamekutana yote manne.

Umri ni mzito kuliko watu wanavyofikiri. Ubongo hauishi kukua mtu anapoota ndevu. Sehemu ya mbele, inayopanga, kupima na kujizuia, inaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Kidato cha tatu ni katikati ya kazi hiyo.

Na skanka si ile bangi ya wazee wetu. Huko Marekani, ambako kwa miaka mingi wamekuwa wakipima bangi inayokamatwa, wastani wa THC ulikuwa asilimia 4 mwaka 1995, ukafika asilimia 12 mwaka 2014, na umeendelea kupanda. Mdogo wako anaposema bangi ya kawaida haimpandi tena, anakuelezea mwenyewe kilichotokea: vipokezi vimepungua kwa sababu ya kupigwa kila siku, kwa hiyo anatafuta kikali zaidi.

Hilo ndilo linaloeleza pia usingizi wake. Anaamini bangi inamlaza. Kwa sasa, sehemu kubwa ya kukosa usingizi ni mwili unaodai bangi yake. Akiacha, wiki ya kwanza itakuwa ngumu: hatalala vizuri, atakuwa na hasira, chakula hakitapita, ataota ndoto kali. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili au tatu. Ubongo ukipigwa picha za kitaalamu huonekana vipokezi vimeanza kurudi ndani ya siku chache, na baada ya wiki nne hivi vinakaribia vya mtu asiyevuta. Nakuambia haya ili usikate tamaa usiku wa tatu anapokufokea. Daktari anaweza kumpa cha kumsaidia kulala katika kipindi hicho.

Tuje kwenye uyoga na vijikaratasi, na hapa naomba unisome polepole, maana wenzake hawakumdanganya moja kwa moja. Walimwambia nusu.

LSD ilitengenezwa mwaka 1938 mjini Basel, Uswisi, na mkemia Albert Hofmann, na yeye mwenyewe akagundua mwaka 1943 inachofanya kichwani. Mwaka 1958 huyohuyo alitenga kemikali ya uyoga wa maruweruwe inayoitwa silosibini. Zote mbili hazigusi vipokezi vya bangi. Zinakwenda kwenye kipokezi kimojawapo cha serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia na namna tunavyoupokea ulimwengu. Kipokezi hicho kikiamshwa kwa nguvu, ule uchujaji wa kawaida wa ubongo unalegea. Rangi zinatembea, muda unapoteza urefu wake, mtu anaweza kuona mpaka kati yake na vitu umefutika, mboni za macho zinapanuka, shinikizo la damu na mapigo ya moyo vinapanda. Uyoga huchukua saa 4 hadi 6. LSD yaweza kufika saa 12. Ndani ya saa hizo, mtu aliyeingiwa na hofu hana pa kutokea.

Ni kweli wanasayansi wanachunguza silosibini kwa watu wenye sonona iliyokataa dawa nyingine, na baadhi ya matokeo yanatia moyo. Nayasema bila kigugumizi kwa sababu nimewauguza watu ambao sonona iliwaondoa kazini na kwenye ndoa zao, na ningependa wapate tiba zaidi. Australia, tangu tarehe 1 Julai 2023, imeruhusu madaktari bingwa wa akili waliopewa kibali maalumu kuitumia kwa wagonjwa wa namna hiyo. Lakini uliza inavyofanyika. Dozi inapimwa. Mgonjwa anaandaliwa kwa vikao kabla ya siku yenyewe, siku hiyo anakaa na wataalamu hadi dawa imwishe, na baadaye anarudi kuzungumza nao. Na kabla ya yote hayo anaulizwa: umewahi kusikia sauti? Kuna ndugu yako wa karibu aliyewahi kuugua skizofrenia? Katika tafiti hizo, majibu ya mdogo wako yangemtoa kabla hata hajaonyeshwa dawa. Watu haohao anaowatolea mfano, wanaoiamini dawa hiyo kuliko wote, wasingempa.

Na sababu yao iko wazi. Dawa inayolegeza uchujaji wa ubongo, unampaje kijana ambaye uchujaji wake umeshalegea hata anadhani konda anamtangaza? Mtu mwenye sonona huenda akafunguka. Mtu anayesikia sauti huenda sauti zikapata nguvu na zisiondoke saa 6 zikiisha.

Bado sijagusa suala la nini hasa kiko kwenye hicho kijikaratasi. LSD haina rangi wala harufu, na kiasi kinachomlewesha mtu ni kidogo mno hata hakionekani kwa jicho. Duniani zimeuzwa kemikali nyingine kwa jina la LSD, mojawapo inafupishwa NBOMe, na zimeua vijana. Kuhusu uyoga, ipo jamii inayofanana kwa macho na uyoga huo lakini inaharibu ini. Huyo rafiki atakayeleta mwisho wa mwezi hawezi kujua anachokibeba.

Kuhusu hofu ya baba: ni kweli bangi ni kosa chini ya sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, na kijana akikamatwa nayo njiani ni jambo jingine. Lakini mgonjwa anayemweleza daktari anachotumia anatoa historia ya ugonjwa wake. Katika miaka yangu ya wodini sikuona kijana aliyeletwa na ndugu zake kutibiwa akakabidhiwa polisi kwa sababu alisema anavuta. Mpigie baba simu umwambie hivyo, na umwambie pia kwamba kadiri ugonjwa wa namna hii unavyokaa bila tiba ndivyo unavyozidi kuwa mgumu kutibika. Asiposhawishika, endeleeni. Hili haliwezi kungoja kura yake.

Mama naye usimpinge. Akiendelea na dua zake, dua haijawahi kugombana na kidonge. Mwombe tu shehe azungumze na mama kuhusu hospitali. Wapo mashehe na wachungaji wengi hapa mjini ambao wakiona hali hii wao wenyewe ndio wa kwanza kusema mpelekeni. Kinachokatazwa kabisa ni kumfunga kamba, kumchapa, kumkesheza usiku kucha au kumnyima chakula kwa jina la tiba. Kukosa usingizi peke yake kunatosha kumzidishia sauti.

Kwa mnaokaa Tabata, Amana si mbali. Hospitali za rufaa za mkoa hapa Dar, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, zina huduma za afya ya akili, na wakiona inahitajika watawapa rufaa ya Muhimbili. Usichanganye na kliniki za methadoni, maana watu wengi wakisikia dawa za kulevya huelekezana huko. Methadoni ni ya waliozama kwenye heroini. Bangi haina kidonge chake cha kubadilishia; kuna ushauri nasaha, kuna uangalizi, na kwa sauti na shuku alizonazo kuna dawa zinazofanya kazi.

Utamwambiaje? Mtafute asubuhi akiwa hajavuta na amepata usingizi kidogo. Usimbishie kuhusu sauti, wala usimkubalie. Mwambie, "Naamini unasikia, mimi sisikii, na naona zinakuchosha. Twende tukatafute namna ulale." Usingizi ndilo shida analolikiri mwenyewe, anzia hapo. Usimwage bangi yake mbele yake wala kumwita chizi. Na kama kuna mtu mmoja katika ukoo wenu anayepaswa kukaa naye, ni mjomba wenu. Mmemficha kama aibu, kumbe ndiye pekee katika nyumba hiyo anayejua kusikia sauti kukoje, na ndiye ushahidi kwamba mtu huugua, hutibiwa na hushika randa yake akalea watoto. Mwombeni. Nadhani atakuja.

Akisema sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au akikaa siku mbili bila kulala wala kula, hapo msibembelezane. Ni siku hiyohiyo, idara ya dharura, na ndugu wawili wenye nguvu na utulivu wamsindikize.

Akikataa kabisa kutoka, nenda wewe na mama peke yenu mkamweleze daktari au muuguzi wa kliniki; mtaelekezwa la kufanya. Chuo kisiwatie presha. Kwa barua ya daktari mwanafunzi anaweza kuomba kuahirisha masomo, na mwaka mmoja si kitu kwa kijana wa miaka 20.

Kabla hamjatoka nyumbani, andika kwenye karatasi sauti zilianza lini, anavuta mara ngapi kwa siku, alikula nini Kigamboni na lini. Mwombe pia mjomba akupe majina ya dawa anazotumia na dozi zake, kwa sababu dawa iliyomfaa ndugu wa damu humpa daktari mahali pa kuanzia.